Vitanda Vinne Mlimani

Benchi la Sapun liko mtaa wa Bistrik, chini kabisa ya kile kipandio kinachowatoa watu pumzi hata kiangazi, na mwezi wa Januari hulikalii bila mambo mawili: ngozi ya kondoo ya kuwekea makalio, na neno la kusema. Sapun, yaani Sabuni, ni kinyozi. Duka lake liko nyuma ya benchi, na kahawa anaipika humo ndani, kwenye jiko la umeme alilonunua kwa ajili ya kuchemshia mataulo. Mteja hunyolewa katikati ya mabishano, na wapo waliotoka pale na sharubu moja fupi kuliko mwenzake kwa sababu ya uchaguzi wa manispaa. Asubuhi hiyo jua lilikuwa limetoka baada ya siku nne za ukungu, theluji ya juu ya mapaa inadondoka matone, Sarajevo nzima imetoka kujianika, na benchi lilikuwa limekamilika.

Aliyekaa katikati, simu ameishika kwa mikono miwili, ni Rešad. Jina hilo hulisikii ila posta na hospitali. Mtaani ni Trojka, yaani Namba Tatu, kwa kuwa aliendesha tramu ya namba tatu miaka thelathini na moja, Ilidža mpaka Baščaršija, Baščaršija mpaka Ilidža.

— Mpaka saa sita, alisema Trojka. Hoteli ya mlima Jahorina wamenishikia nafasi mpaka saa sita mchana. Nisipowapigia, wanampa mwingine. Na likizo hii ya shule, hupati tena hata banda la mbwa.

— Sasa hivi saa nne na nusu, alisema Sapun akimimina. Muda tele. Kunywa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binti yake Trojka, Aldijana, anaishi Denmark, na anakuja na mume na watoto kwa siku saba. Miaka sita hajakanyaga nyumbani. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake, akakaa siku tatu, akarudi. Sasa ametokea mwenyewe kwenye simu akasema, baba, tunakuja kwenye theluji, tuende mlima gani? Na Trojka akajibu papo hapo: hilo niachie mimi. Tangu siku hiyo mzee wa watu hana usingizi. Moyoni alikuwa na hesabu moja tu, nayo hakumficha mtu: wakifurahi, watarudi. Wasipofurahi, ataendelea kuwaona kwenye kioo cha simu mpaka azikwe.

— Haya, tuanze na watu, alisema Ministar. Huwezi kugawa bajeti hujawajua watumishi.

Ministar, yaani Waziri, ni Zdravko. Alikuwa bawabu kwenye mlango wa wizara kwa miaka ishirini na sita, ila ukimsikiliza utadhani waziri ndiye aliyekuwa akimfungulia yeye. Alikuwa ameshatoa karatasi na kalamu.

— Taja mmoja mmoja, pamoja na uwezo wake.

— Aldijana anateleza kwenye theluji kama mama yake, alisema Trojka. Huyo ukimpeleka kwenye mteremko wa wanaojifunza, umemtukana. Tilda ana miaka kumi na mitatu. Skii hataki hata kuziona, ana ubao wake mmoja, anatafuta vile vilima vya kurukia. Shule huwa inawapeleka Norway. Alinitumia video. Sikuimaliza, nilifumba macho. Isak ana miaka mitano, hajawahi kuvaa skii.

— Na mkweo?

— Mikkel ni mtu wa Denmark.

Benchi zima likatikisa vichwa kwa huruma.

— Nasikia mlima mrefu wa kwao, alisema Sapun taratibu, hata tramu yako ingeupanda bila kupiga kengele.

— Ana goti bovu, alisema Trojka. Halafu ni pande la mtu, mita mbili kasoro kidogo. Lakini mtu mwema. Siku ya maziko alishika jeneza la mke wangu hapa chini, watu wakawa wanapokezana kama ilivyo desturi, yeye hakujua, akashikilia mpaka makaburini. Kipandio chote hiki. Goti lilianzia hapo.

— Mungu amweke, alisema Slalom. Mtu kama huyo hatuwezi kumvunja mguu wa pili.

Slalom, jina la mbio za skii, ni Ljerka, wa kibanda cha magazeti cha jirani, mwanamke pekee kwenye benchi na mtu pekee pale anayeijua milima kweli. Mwaka wa themanini na nne, kabla ya mashindano ya Olimpiki, alikuwa miongoni mwa vijana walioshindilia theluji ya njia kwa miguu yao. Watu wote wa Sarajevo wa umri wake wanadai walikuwepo. Yeye ana picha, na koti la siku hiyo analivaa mpaka leo, limepauka lakini linafunga zipu.

— Na bajeti? aliuliza Ministar, kalamu juu.

— Hiyo yangu.

— Yako wewe, mwenye pensheni ya tramu? Bwana, wale wanalipwa mishahara ya Denmark.

— Wanakuja kwangu, alisema Trojka.

Wote wangesema vile vile. Kwetu mgeni haonyeshwi bili, na wala haulizwi anataka nini. Ukimuuliza mtu kama atakunywa kahawa, amekwishaelewa kwamba hukutaka kuipika. Unaweka birika, unaweka finjali, unaweka donge la sukari, basi. Trojka alikuwa hajawasha hita ya sebuleni tangu mwezi wa tisa, anakaa jikoni na kofia kichwani, na fedha zimefungwa kwenye leso.

— Sikilizeni, alisema Slalom. Mambo yako wazi. Bjelašnica kwa Aldijana, kule kuna mteremko wa kumnyamazisha mtu. Lakini upepo wa kileleni, mtoto wa miaka mitano utampeperusha. Igman ni kwa mtoto, kilima kidogo, bei ya chini, unamwona toka juu mpaka chini. Lakini Tilda atakaa pale nusu saa, atoe simu yake, umempoteza. Jahorina ina kila kitu, pana, njia za kila mtu. Lakini likizo hii bei yake nayo inapanda na vile viti vya kamba vinavyopeleka watu juu.

— Vlašić? alisema Sapun.

— Vlašić mpaka ufike mtoto ameshatapika mara tatu.

— Basi tuwagawe, alisema Ministar. Mbona rahisi. Aldijana Bjelašnica, Tilda Jahorina, Mikkel na mtoto Igman. Kila mmoja na idara yake. Jumapili wanakutana, wanatoa ripoti.

— Familia inakuja pamoja mara moja katika miaka sita, na wewe unaipasua vipande vitatu, alisema Slalom. Ndiyo maana wizara yenu haikujenga hata choo.

— Mimi nilikuwa mlangoni. Vyoo vilikuwa ghorofa ya pili.

Sapun aliingia ndani, akarudi na birika la pili na mteja mwenye povu shavuni, ambaye naye alisimama mlangoni kusikiliza.

— Mimi nina wazo, alisema Sapun. Anayejifunza ni mtoto, sivyo? Tiketi ya mtoto ni nafuu. Sasa Mikkel hajui kitu, kwa hiyo kwenye skii yeye bado mtoto. Mwandikeni miaka sita.

— Ana mita mbili, Sapun.

— Kwao watoto wanakunywa maziwa.

— Unatupiga kamba mchana kweupe, alisema Slalom. Kumfundisha mtu mzima kuna njia moja. Unampandisha kwenye kiti cha kamba mpaka juu, unamwambia mkahawa uko chini. Unamwacha. Njaa itamfundisha.

— Na goti?

— Goti litamfuata.

— Mimi ningesubiri Aprili, alisema mteja mwenye povu. Aprili bei inaanguka. Theluji nayo inaanguka, ndiyo, lakini asiyejua kuteleza ataiona tofauti wapi?

— Kwa nini wapande wao? alisema Ministar, sasa amepamba moto. Tuishushe theluji. Malori mawili, tunaimwaga kwenye kipandio hiki, mwinuko tunao, watu wa kupiga makofi tunao. Juu Aldijana, katikati Tilda, chini Mikkel na mtoto. Mimi nakaa hapa nakata tiketi.

— Na bibi Hatidža wa pale juu akitoka kwenda kununua mkate?

— Anapewa kofia ngumu.

Walicheka mpaka mteja akameza povu. Trojka naye alicheka, lakini jicho halikutoka kwenye simu. Saa tano na nusu.

— Kwani wewe, Trojka, ujana wako uliteleza wapi? aliuliza mteja, ambaye alikuwa wa mtaa wa pili na hakujua. Chagua pale pale ulipopenda wewe.

— Mimi sijawahi kuvaa skii, alisema Trojka.

— Mtu wa Sarajevo?

— Jumapili ndiyo siku watu walikuwa wanapanda mlimani. Na watu walipandaje? Kwa tramu, skii mabegani, mpaka Ilidža, halafu basi. Nani aliendesha tramu? Mke wangu na Aldijana walikuwa wanapanda behewa la mbele, wanakaa nyuma yangu. Ilidža wanashuka, mtoto anapunga mkono, basi linaondoka. Mimi nageuza. Nimewapeleka watu wote wa mji huu kwenye theluji, bwana. Mpaka Ilidža.

Alisema bila uchungu wowote, hata kwa majivuno kidogo. Slalom alimwangalia, akamwongezea sukari.

— Basi nakwambia cha kufanya, alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya utani. Acha ubahili, umeshaweka fedha. Ile hoteli waliyokushikia, pale juu Jahorina, mlango unafunguka kwenye mteremko. Aldijana akitoka kulia anapata njia nyeusi, ile ngumu kuliko zote. Tilda ana vilima vyake dakika tano tu. Isak anapelekwa shule ya watoto asubuhi, wanampa mwalimu, wanampa na chokoleti. Mikkel anakaa kwenye maji ya moto na goti lake, anakula supu. Kila mtu ana wake, na jioni wote meza moja. Siku saba. Hutapata bora zaidi ya hapo.

— Chakula kimo? aliuliza Ministar, akiandika.

— Asubuhi na jioni.

— Usafiri?

— Hilo zuri kuliko yote, alisema Trojka, na uso wake ulikuwa unang'aa. Gari la hoteli linawapokea uwanja wa ndege, moja kwa moja mpaka juu. Siku ya mwisho linawarudisha uwanjani. Hawatabeba hata mfuko. Aldijana alikuwa anachoka sana na safari tangu mdogo.

— Tiketi tatu, aliandika Ministar. Skii za kukodi jozi mbili, na Aldijana itabidi tumtafutie nzuri. Mwalimu mmoja. Vitanda vinne. Jumatatu mpaka Jumapili, kila siku saa na mahali. Hii ratiba hata Waswisi hawana.

Aliinua karatasi juu wote waione, na kweli ilipendeza. Sapun alipika birika la tatu kwa ajili ya kupongezana. Trojka aliisoma mara mbili, midomo ikicheza, akampenda kila mmoja aliyekuwa pale. Alijiona amefanya jambo. Mtu anakaa peke yake miaka sita, anakula supu ya pakiti, anajiona hana kazi tena duniani, kumbe bado anaweza kumfanyia mtoto wake kitu kikubwa.

Ilikuwa saa sita kasoro robo, kidole kimekwishafika kwenye namba ya hoteli, Jasenka alipokata kona na mkokoteni wake wa barua. Ni mpeleka barua mpya, wiki yake ya pili Bistrik, msichana mwenye pua nyekundu ya baridi, aliyemrithi mzee aliyestaafu kwa maumivu ya viungo. Alikuwa na barua ya Sapun ya kusaini. Sapun akasaini, na msichana kabla hajaaga akakuta amekalishwa, finjali mkononi.

— Soma, alisema Ministar, akimpa karatasi. Wewe kijana, umesoma juzi juzi. Angalia kama pana kosa.

Wakamsimulia yote kwa mpigo, Aldijana, goti, vilima, chokoleti, gari. Jasenka aling'ata sukari, akanywa, akasoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta anwani.

— Imekaa vizuri, alisema. Samahani tu, mjomba, mimi mgeni hapa. Gari linawachukua uwanjani. Siku saba wako juu. Gari linawarudisha uwanjani. Wewe utawaona lini?



Trojka alimwangalia msichana, kisha karatasi, kisha Ministar, kama dereva anayemuuliza kondakta kituo kimepitaje.

— Atapanda kuwatembelea, alisema Ministar. Siku moja, mbili. Ipo hapa.

— Wapi? aliuliza Sapun.

— Tuiweke Jumatano.

— Jumatano basi linampandisha saa tatu asubuhi, alisema Slalom polepole, na saa tisa linamshusha. Saa hizo wote wako kwenye mteremko. Isak yuko na mwalimu.

— Basi jioni. Si nimesema jioni wote meza moja?

— Jioni basi halipo. Na meza ni ya watu wanne.

— Watashuka mjini, alisema Sapun. Watashuka tu, watakula ćevapi, nyama ya kuchoma ya kwetu.

— Umewalipia chakula cha jioni siku zote saba, alisema mteja, ambaye povu lilikuwa limemkauka.

Ministar aligeuza karatasi kutazama upande wa nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Aliigeuza tena, akahesabu vitanda kwa ncha ya kalamu, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akaikunja na kuitia mfukoni bila kumwangalia mtu.

— Mwongezee cha tano, alisema Slalom. Trojka, kitanda cha tano ni fedha gani hiyo, tutachanga.

— Nifanye nini kule, Ljerka? alisema Trojka, na hakuwa amemwita kwa jina lake tangu ujana. Wao wanateleza. Mimi nikae nalinda viatu?

Jasenka alikuwa mwekundu uso mzima, anatamani ardhi ipasuke.

— Sikukusudia vibaya, mjomba.

— Hukuharibu kitu, mwanangu, alisema Trojka. Kunywa, itapoa.

Alikaa na simu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Wote walidhani ataipigia hoteli, aagize vile vile, kwa sababu mtu akishasema niachie mimi harudi nyuma. Badala yake alipanda juu kwenye orodha, akabonyeza jina lingine. Masikio yake yamechoshwa na kengele za tramu, kwa hiyo simu yake huwa inasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

— Baba? Kuna nini? Uko mzima?

— Mzima. Naomba kukuuliza kitu.

— Niko kazini, lakini uliza.

Trojka alikohoa. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na swali hilo hajawahi kumuuliza mgeni yeyote.

— Mkija. Unataka nini?

— Nini, kivipi?

— Wewe. Unataka nini. Kulala wapi, kwenda wapi. Sijakuuliza.

Kwenye simu ilisikika mashine ya kuchapia karatasi ikifanya kazi huko Denmark, na mtu akicheka mbali.

— Mimi nilitaka kuja nyumbani, alisema Aldijana. Nilipokuuliza mlima, nilikuwa nauliza siku moja tumpeleke Isak wapi akacheze, hata Igman, turudi tule. Wewe ukaanza na hoteli. Kila nikipiga ni hoteli. Nikamwambia Mikkel, baba amezoea kukaa peke yake sasa, labda hawezi kelele za watoto, tusimbane.

— Nani kakwambia siwezi kelele?

— Hakuna aliyeniambia. Na mimi nikaona aibu kukuuliza.

Slalom aligeukia ukutani, akawa anatafuta kitu mfukoni mwa koti lake. Kengele ya kanisa ilianza kugonga saa sita ng'ambo ya mto, na hapakuwa na mtu wa kuikumbuka hoteli.

— Baba, uko hapo? Chumba changu bado kipo?

— Kipo, alisema Trojka. Kipo, mwanangu.

Akalia hapo hapo, mbele ya posta na kinyozi na wizara nzima, wala hakugeuza uso.